Maswali ya Wasomaji: Kifaa cha GPS cha Bei Nafuu kwa Dereva wa Lori

Barua za toleo hili zinatoka kwa madereva wa malori, wenye malori na familia zao, na zote zinahusu namna ya kupata kifaa cha kuongoza njia kinachofaa gari kubwa bila kutumia fedha nyingi kupita uwezo.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni dereva wa trela na kwa muda mrefu nimekuwa nikitumia ramani ya simu kutafuta njia. Hivi karibuni ramani hiyo ilinipeleka kwenye barabara yenye daraja la chini, nikalazimika kurudi kinyumenyume na trela huku utingo akinielekeza na foleni nzima ikinisubiri. Nataka kununua kifaa cha GPS cha malori, lakini vile vya makampuni makubwa vinanizidi uwezo. Nimeona vingine visivyo na jina, vyenye kioo cha inchi 7 na picha ya lori kwenye boksi, vinavyouzwa kwa bei ndogo sana ukilinganisha na vile vikubwa. Je, nikinunua hicho nitakuwa nimeondokana na tatizo?

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana kwa mkasa huo. Kifaa hicho kinaweza kabisa kukurudisha kwenye daraja lile lile, na ni vyema uelewe sababu yake kabla hujatoa fedha.

Setilaiti za GPS, ambazo kwa kawaida hazipungui 24 na huizunguka dunia zikiwa juu kwa takriban kilomita 20,200, hazioni daraja, hazijui uzito wa mzigo wako, wala hazijui kama unaendesha lori au pikipiki. Kazi yake ni kutangaza saa na mahali zilipo angani. Kifaa chako kikipokea mawimbi ya setilaiti nne au zaidi hupiga hesabu na kujua kilipo. Siku hizi hesabu hiyo haitofautiani sana kati ya kifaa cha bei ya juu na cha bei ya chini, kwani taarifa rasmi za mfumo huo nchini Marekani zinaeleza kwamba simu ya kawaida, ikiwa chini ya anga wazi, kwa kawaida haikosei zaidi ya mita 4.9. Kwa hiyo muuzaji anayekisifia kifaa kwamba kinashika setilaiti nyingi anakuuzia kitu ambacho tayari unacho mfukoni.

Habari za daraja zimo ndani ya ramani. Ni lazima mtu awe amekwenda kusoma kibao cha daraja lile au kulipima, akaingiza kimo chake kwenye ramani, na programu ya kutafuta njia iwe na uwezo wa kulinganisha kimo hicho na kimo cha gari lako. Kazi ya kukusanya vimo vya madaraja, viwango vya uzito kwa kila ekseli, barabara zilizopigwa marufuku kwa malori na njia zisizoruhusu bidhaa hatari ni kubwa na haiishi, na ndiyo sehemu kubwa ya kile unacholipia ununuapo vifaa vya malori vya Garmin, TomTom au Rand McNally badala ya vile vya magari madogo vya makampuni hayo hayo. Ukiyapima mambo kwa jicho hilo, utaona kwamba swali la bei nafuu ni swali la kupata ramani nzuri ya malori kwa gharama ndogo, na kioo chenyewe ni jambo la baadaye.

Sasa tukitazame hicho chenye picha ya lori. Vifaa vingi vya aina hiyo huendeshwa na Windows CE 6.0, mfumo uliotolewa mwaka 2006 na ambao Microsoft ilikwishaacha kuuhudumia, na ndani yake hupachikwa programu ya ramani ambayo mara nyingi haina leseni. Ukifungua menyu utakuta sehemu ya kuandika kimo, upana, urefu na uzito wa lori, na hapo ndipo wanunuzi wengi huridhika. Lakini kuwepo kwa sehemu ya kuandika kimo cha lori hakuthibitishi kwamba vimo vya madaraja vimo. Zaidi ya hayo, ramani isiyo na leseni haina mahali halali pa kusasishwa, hivyo kila barabara mpya, kila mzunguko mpya na kila katazo jipya vitakupita, na baada ya miaka michache utakuwa na kifaa kinachozungumza kwa uhakika juu ya barabara ambazo zimekwisha kubadilika.

Tunakusihi ufanye jaribio lifuatalo kabla ya kununua kifaa chochote, kiwe cha jina kubwa au hapana. Vifaa vingi vinaruhusu kuchagua mahali pa kuanzia safari palipo mbali na ulipo, kwa hiyo jaribio linawezekana hata ukiwa umesimama dukani. Andika vipimo vya trela lako, tuseme kimo cha mita 4.3, kisha omba njia kutoka upande mmoja wa daraja lile lililokukwamisha hadi upande wa pili, ukichagua vituo viwili ambavyo gari dogo lingepita chini ya daraja hilo bila kusita. Itazame njia iliyotolewa. Kisha badilisha kimo kiwe mita 2 na uombe njia ile ile tena. Kifaa kikikuzungusha ulipoandika mita 4.3 na kukupitisha chini ya daraja ulipoandika mita 2, basi habari za daraja hilo zimo na zinatumika. Kikikupitisha chini mara zote mbili, hakuna habari hizo, hata boksi liwe na picha ngapi za malori. Rudia kwa barabara moja unayoijua kuwa na kikomo cha uzito, na kwa mtaa mmoja uliokatazwa malori. Muuzaji anayekataa kukuwashia kifaa kwa jaribio hilo tungemwacha na bidhaa yake.

Jaribio hili ni la lazima zaidi kwa dereva anayefanya kazi nje ya Amerika ya Kaskazini na Ulaya, kwa sababu ni katika maeneo hayo mawili ndiko makampuni ya ramani yamekusanya habari za malori kwa wingi. Kwingineko nchi inaweza kuorodheshwa kwenye boksi na barabara zake zote zikaonekana vizuri, ilhali vimo vya madaraja na viwango vya uzito ni vichache au havimo kabisa. Mahali kama hapo hata kifaa ghali kinaweza kukuongoza kama gari dogo, na kulipia jina lake ni kupoteza fedha.

Jaribio likifaulu, njia ya kupunguza gharama ni kununua toleo lililotangulia la kampuni inayojulikana, mradi bado linapokea ramani zile zile zinazopelekwa kwenye toleo jipya. Kioo cha inchi 6 au 7 kinatosha kwa kabini nyingi. Kile cha inchi 10 hupandisha bei na huziba sehemu ya kioo cha mbele, jambo ambalo sisi tunaliona kuwa hatari kuliko faida yake. Kamera iliyopachikwa ndani, kupokea simu kupitia kifaa na kuamrishwa kwa sauti si vitu vya kulipia kama fedha ni chache. Lakini usikubali kukosa sauti kubwa inayoshinda mngurumo wa injini, maonyo ya miteremko mikali na kona kali, pamoja na maelekezo ya mstari wa barabara unaopaswa kuukamata kabla ya makutano, kwa kuwa mwenye trela hawezi kuhama mstari dakika ya mwisho.

Uliza pia maana ya maneno "ramani za maisha yote". Makampuni hayakusudii maisha yako. Hukusudia muda ambao kifaa hicho bado kinahudumiwa, nao unaweza kukoma kifaa kikiwa bado kizima. Kama hata toleo lililotangulia limekuzidi, tungependelea ulipie programu halali ya malori kwenye kishkwambi ulichonacho kuliko kununua kile kisicho na jina.

SWALI: Sina uwezo wa kununua kifaa kingine zaidi ya simu. Nikilipia programu ya malori, je, simu itahimili kazi ya kutwa?

JIBU: Itahimili, ukiitunza. Zipo programu zenye matoleo ya malori, zikiwemo Sygic na CoPilot, ambazo hukuwezesha kupakua ramani mapema na kusafiri bila intaneti. Soma masharti ya malipo kwa makini, maana kuna tofauti kubwa kati ya kulipa kila mwezi na kulipa kwa mwaka, na toleo la bure la programu nyingi huongoza magari madogo tu. OsmAnd nayo ina mpangilio wa malori na hutumia ramani za OpenStreetMap, mradi ulioanza mwaka 2004 ambao mtu yeyote anaweza kuuongezea habari. Ukisoma kibao cha daraja ambacho hakimo kwenye ramani, unaweza kukiingiza mwenyewe, na dereva mwenzako atakayepita baadaye atanufaika. Kwa maeneo yaliyosahauliwa na makampuni ya ramani, hilo ndilo tumaini kubwa zaidi, na tungefurahi kuona madereva wengi wakilifanya.

Adui mkubwa wa simu ni joto. Apple, kwa mfano, inaeleza kwamba iPhone imeundwa kutumika katika hewa yenye joto la kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi, na dashibodi iliyopigwa na jua hupita kiwango hicho kwa urahisi. Simu ikizidiwa hufifisha mwanga, huacha kuchaji, na mwishowe hujizima, pengine ukiwa katikati ya makutano usiyoyajua. Ifunge chini, karibu na tundu la hewa ya kupoza, badala ya kuibandika kwenye kioo cha mbele. Ukiwa na simu ya zamani uliyoiacha, ifanye hiyo kuwa ya kazi hii pekee. Haihitaji laini ya simu ili kupokea mawimbi ya setilaiti, ingawa ikiwashwa bila mtandao inaweza kuchukua dakika kadhaa kujua ilipo, kwa sababu inalazimika kusubiri taarifa za mizunguko kutoka kwa setilaiti zenyewe. Iwashe unapokagua matairi, usingoje hadi uondoke.

SWALI: Mume wangu ni dereva wa masafa marefu na ningependa kumnunulia kifaa kilichotumika, kwani kipya siwezi. Nichunguze nini ili nisidanganywe?

JIBU: Dada yetu, wazo lako ni zuri, kwa sababu kifaa kilichotumika cha kampuni inayojulikana mara nyingi hukishinda kipya kisicho na jina. Kabla ya yote, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji uangalie kama modeli hiyo bado inapata ramani mpya, tena za malori, na za eneo analosafiri mumeo. Ramani nyingi hufungwa kwenye namba ya kifaa kilichonunuliwa nazo, kwa hiyo usikubali ahadi kwamba utahamishiwa ramani kutoka kifaa kingine. Muuzaji akiondoe kifaa kwenye akaunti yake mbele yako.

Kisha kipeleke nje, mahali penye anga wazi, usubiri kishike setilaiti, na utazame tarehe. Mfumo wa GPS huhesabu majuma hadi 1,024 kisha huanza upya, na hesabu hiyo ilirudi mwanzo usiku wa tarehe 6 Aprili 2019. Baadhi ya vifaa vya zamani ambavyo programu yake haikusasishwa vilianza kuonyesha tarehe ya miaka mingi iliyopita, na kifaa chenye tarehe potofu hakiwezi kuaminiwa kwa muda wa kufika wala kwa barabara zinazofungwa malori kwa saa maalumu. Pitisha kidole kwenye kingo za kifaa pia: kifuniko kilichoachana au kioo kilichoinuka ni dalili ya betri iliyovimba, na hicho usikinunue kwa bei yoyote. Kama kifaa kilipokea taarifa za foleni kwa laini ya simu iliyojengewa ndani, hakikisha mtandao wa simu wa kizazi inachotumia laini hiyo, kama 2G au 3G, bado upo, kwa maana nchi kadhaa zimeizima mitandao ya zamani na huduma hizo zikafa pamoja nayo.

SWALI: Chaja ya GPS yangu imeungua mara tu nilipoichomeka kwenye lori, ilhali kwenye gari dogo ilifanya kazi. Tatizo ni kifaa?

JIBU: Yaelekea tatizo ni volti. Malori mengi duniani, ukiacha yale ya Amerika ya Kaskazini, huunganisha betri mbili za volti 12 ili kupata 24, na injini ikiwa inaunguruma umeme hupanda hadi karibu volti 28. Chaja iliyoundwa kwa volti 12 pekee haiwezi kuvumilia. Tafuta iliyoandikwa 12–24V, na ikiwezekana ile inayostahimili hadi volti 30 au zaidi. Kifaa chenyewe huenda ni kizima, kwani vingi hutumia volti 5 tu kutoka kwenye chaja. Kijaribu kwa chaja nyingine. Kikionyesha alama ya kuunganishwa na kompyuta badala ya ramani, lawama ni ya kebo, kwa maana baadhi ya vifaa vya zamani hudai kebo yao maalumu ya garini.

SWALI: Nina malori machache na ninataka GPS moja itakayomwongoza dereva na papo hapo inionyeshe mimi alipo. Ninunue ipi?

JIBU: Hizo ni kazi mbili, na mara nyingi ni vifaa viwili. Kifaa cha kuongoza njia kwa kawaida hupokea tu mawimbi. Hakimwambii mtu yeyote mahali kilipo. Kifaa cha kufuatilia gari kina laini ya simu inayokutumia taarifa, lakini hakina ramani ya kumwonyesha dereva. Vipo vinavyounganisha yote kwa malipo ya kila mwezi, ila kwa mwenye malori machache ni nafuu kufunga kifuatiliaji kilichofichwa na kumpa dereva kifaa chake cha njia. Mweleze dereva wazi kwamba gari linafuatiliwa.

SWALI: Nimeshanunua kifaa, sasa kinaniuliza kimo na uzito wa lori. Mimi hubeba makontena tofauti, na wakati mwingine narudi na trela tupu. Niandike vipimo gani?

JIBU: Swali hili ndilo tungependa kila mnunuzi aulize, kwa sababu ramani nzuri kuliko zote haisaidii ikipewa kimo cha uongo. Tuchukue trela ambalo sakafu yake iko mita 1.5 kutoka ardhini. Ukipakia kontena la futi 8 na nusu, ambalo kimo chake ni mita 2.59, jumla ni mita 4.09. Ukipakia kontena la futi 9 na nusu, lenye mita 2.90, jumla inakuwa mita 4.40. Ni trela lile lile na makontena yanayofanana kwa mbali, lakini tofauti ya sentimita 31 inatosha kung'oa paa la kontena. Kwa hiyo tengeneza mipangilio tofauti ndani ya kifaa, mmoja kwa kila namna unayosafiri nayo, na uupe kila mmoja jina utakalolitambua kwa haraka.

Usitegemee kadi ya usajili kwa kimo. Simamisha lori mahali tambarare, matairi yakiwa na upepo wa kawaida, weka ubao ulionyooka juu ya sehemu iliyo juu kuliko zote, uushikilie usawa hadi utokeze nje ya ubavu wa gari, na upime kwa futi kamba kutoka chini ya ubao hadi ardhini. Sehemu ya juu kabisa huenda ikawa bomba la moshi, kiyoyozi cha paa au chuma cha kushikilia turubai, wala si mzigo. Pima pia trela likiwa tupu, kwani springi zikipunguziwa uzito huinuka na gari tupu husimama juu kidogo kuliko likiwa na shehena. Ongeza sentimita 10 za usalama kwenye kipimo ulichopata, kwa kuwa lami mpya inapomwagwa chini ya daraja hupunguza nafasi huku kibao kikibaki na tarakimu za zamani.

Kwenye uzito, andika uzito wote wa gari, trela na mzigo kwa pamoja. Wapo wanaoandika mzigo peke yake, na kifaa kinawapitisha kwenye madaraja yasiyowastahili. Uzito wa kila ekseli utaupata kwenye karatasi ya mizani. Hakikisha kifaa kinatumia vipimo unavyovitumia wewe, maana tani ya Marekani ni kilo 907 tu, na mita 4.2 si sawa na futi 4 na inchi 2.

Mjini Durham, jimbo la North Carolina, kuna daraja la reli lililokuwa na kimo cha futi 11 na inchi 8, yaani takriban mita 3.56, ambalo lilipata umaarufu kwa kubandua mapaa ya malori ingawa lilikuwa na vibao na taa za onyo. Mwaka 2019 liliinuliwa hadi futi 12 na inchi 4, na bado malori yameendelea kuligonga. Kibao hakimsaidii dereva asiyejua kimo cha gari lake mwenyewe. Nchini Uingereza sheria hudai kwamba gari lenye kimo kinachozidi mita 3 liwe na tangazo la kimo hicho ndani ya kabini, mahali dereva anapoweza kulisoma akiwa ameketi. Hata kama nchi unakosafiri haidai hivyo, bandika karatasi yako karibu na usukani, na kila unapobadilisha kontena au trela, badilisha karatasi na mpangilio wa kifaa kwa pamoja kabla hujatoka uwanjani.